Sendofu Iliyogoma Kufutika

Mwisho wa mwezi, mishahara haijatoka, na mama wa uhasibu amesimama mlangoni kwangu kashika kiuno. Faili la mishahara linakataa kuhifadhiwa, eti diski imejaa. Nikapiga df -h kwenye seva, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Nafasi tele, iliyotumika hata nusu haijafika.

Nikapiga repquota, amri inayoonyesha kwota, yaani mgao wa nafasi wa kila mtu na alichotumia. Kumbe aliyejaa ni yeye. Kikomo chake laini ni GB 20, na alishafika 23. Linux, mfumo unaoendesha seva yetu, ina ustaarabu: ukivuka kikomo laini inakupa muhula, kwa kawaida siku 7, upunguze mwenyewe. Ukiisha, hata herufi moja huongezi.

"Mama, kuna video hapa ya GB 11. Sendofu."

"Ya mwanangu! Lakini mbona niliiweka folda ya wote?"

Kwota haijali folda, inaangalia faili ni la nani.

"Basi futa, nakala iko nyumbani. Watu wanataka hela."

Nikapiga rm. Nikaangalia kwa ls, haipo. Nikarudi repquota: GB 23 zile zile.

"Umeifuta au umeificha?"

Koridoni watu walishaanza kukohoa kwa makusudi. Nikapiga lsof +L1, amri inayofichua mafaili yasiyo na jina tena ila bado yamefunguliwa. Maana rm huondoa jina tu. Nafasi hairudi mpaka programu ya mwisho iliyolishika faili iliachie. Sendofu ilikuwa mikononi mwa smbd, ile ya Samba inayogawa mafaili ofisini. Namba ya mchakato, yaani ya programu hiyo inayoendelea kukimbia, nikaitafuta kwenye smbstatus, orodha ya waliounganishwa na Samba, na jina lililotokea ni la Mkurugenzi.

Ningeweza kupiga kill, amri ya kuuzima mchakato kwa nguvu. Lakini kill kwa Mkurugenzi, tena kabla mshahara wangu haujaingia? Nikaenda kubisha hodi. Kavaa hedifoni, anacheka peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba ufunge hiyo video kidogo, mishahara imekwama."

"Ngoja kijana, MC anakaribia kuniita meza kuu."

Nikangoja wima. Akaitwa, akashangiliwa, akalishwa keki, akarudisha nyuma kidogo ili nione alivyolishwa keki. Ndipo akafunga.

Papo hapo kwota ikashuka hadi GB 12, mishahara ikahifadhiwa, kikohozi cha koridoni kikapona.

Simu ya mezani ikalia.

"Kijana, njoo haraka. Seva yako mbovu. Kuna kitu cha kikazi nilikuwa nakipitia, sasa hakionekani."