Uzuri wa Ndani, na Nani Anayeusifu

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mashairi mengi yanayomsifu mwanamke kwa moyo na tabia yametoka kwenye onyo hilohilo, nami nayaheshimu, maana yanamwondoa kwenye hesabu ya shingo ya twiga na meno ya mchele. Ila kila nikiyarudia swali linanijia: huo uzuri wa ndani tukiufunua, tunakuta nini?

Mara nyingi tunakuta upole, subira na ukimya. Mshairi anadai anasifu roho, kumbe anasifu raha ya kuishi na mtu asiyelalamika. Hapo sifa imeshageuka sharti.

Hata hivyo, tusiharakishe kuhukumu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake, na sehemu kubwa inamhimiza kumtii mume. Wasomaji wengi wa kike leo unawakera, na wana haki. Lakini isikilizeni sauti yenyewe: mwanamke anafundisha, anaamuru, anataka wanawake wenzake wamsome. Kujiamini kwake hakumo katika ushauri anaoutoa. Kumo katika namna anavyousema.

Maya Angelou, mshairi wa Kimarekani, alikwenda mbali zaidi. Katika "Phenomenal Woman" (yaani "Mwanamke wa Ajabu"), shairi lililomo kwenye diwani yake ya 1978, msemaji anakiri mapema kwamba hana umbo la wanamitindo. Ungetarajia sasa ahamie kwenye moyo wake mwema. Hahamii! Anataja nyonga, hatua, mgongo, tabasamu, mwili uleule ambao wengine wangeupitisha kimya kimya. Kwake ndani na nje havigombani. Kujiamini kunaonekana katika jinsi mtu anavyoingia chumbani. Mkakasi na mti wake vimekuwa kitu kimoja, na kwangu huu ndio ushindi mkubwa wa shairi hilo.

Wapo wanaolipinga, na hoja yao ina uzito: anapoingia, wanaume wanamzunguka kama nyuki. Je, thamani yake bado inapimwa kwa macho yao? Nadhani Angelou aliliona swali hilo, kwa sababu baadaye wanaume haohao wanashindwa kuigusa siri iliyo ndani yake. Wasiwasi hauishi wote, lakini unapungua.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni jingine. Shairi la kujiamini halimpandishii mwanamke mshahara, wala halimzuii anayemdhalilisha njiani. Likirudiwa kila siku, laweza hata kumwongezea mzigo: anadharauliwa, kisha anaulizwa kwa nini hajipendi. Sina jibu kamili. Ninachojua ni kwamba shairi lililoandikwa kwa "mimi" humpa msomaji kitu ambacho sifa ya "wewe" haiwezi kumpa. Akilisoma kwa sauti, maneno yanakuwa yake. Hamsubiri mtu amwambie kwamba ni mzuri. Binti aliyelihifadhi analo hata pale ambapo hakuna anayemsifu.

Tatizo ni kwamba mashairi haya karibu yote yanamkuta mwanamke akiwa ameshasimama. Lile linalomwachia aseme "leo sijiamini", bila ubeti wa mwisho kuja kumrekebisha, bado nalitafuta.