Daftari la muziki wako likae kwa nani?

Jirani yangu hapa Umoja, mzee mwenye diski ya nje iliyojaa benga, rumba na mugithi, aliniuliza juzi: "Kijana wangu, niweke programu gani kwenye kompyuta ili kila wimbo ninaousikiliza uandikwe mahali, siku na saa yake?" Anataka mwaka ukiisha ajue ni nani hasa aliyemliwaza. Swali ni la programu, lakini nimelichekecha siku kadhaa na kila mara narudi palepale: daftari hilo litakaa kwa nani?

Wengi wangemwambia Last.fm, huduma ya mtandaoni inayoandika nyimbo unazosikiliza, na wana sababu. Huduma hiyo ilianza London mwaka 2002, mwaka uleule ambao Richard Jones, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southampton, alibuni Audioscrobbler, mfumo wa kurekodi nyimbo ambazo mtu anazicheza kwenye kompyuta. Miradi hiyo miwili iliungana 2005. Kwa kuwa ni kongwe, vichezeshi vingi, yaani programu za kuchezea muziki, vinaweza kuiandikia: MusicBee, foobar2000, Strawberry. Anayesikiliza kwenye kivinjari ana Web Scrobbler, kijalizo cha kivinjari kinachofanya kazi hiyohiyo. Tena kuna watu huko. Unaweza kukutana na msikilizaji wa Shirati Jazz, bendi ya benga, aliye ng'ambo, ambaye usingemjua kamwe. Nami nina deni la kukiri: diski ya kompyuta yangu ilipoharibika, hesabu zote zilizokuwa ndani ya kichezeshi zilizama nayo. Zilizobaki ni zile zilizokuwa mtandaoni.

Hata hivyo nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Last.fm ilinunuliwa na CBS mwaka 2007 kwa dola milioni 280. Redio yake ya mtandaoni, iliyopendwa na wengi, ilifungwa 2014. Maneno ya siri ya watumiaji yaliibwa 2012, na miaka minne baadaye ikafahamika kuwa akaunti zilizoguswa zilipita milioni 40. Ukiweka humo kumbukumbu za miaka kumi, jizoeze kuchukua nakala.

Mbadala wake ni ListenBrainz, huduma nyingine ya kuandika unachosikiliza, ya wakfu wa MetaBrainz. Programu yake ni huria, na kuchukua nakala ya historia yako ni kubonyeza tu. Lakini uwazi huo una bei. Orodha yako inaonekana na yeyote, na data hutolewa kwa umma. Saa za kusikiliza husema mengi: ulikesha lini, ulikuwa nyumbani siku gani ya kazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuomba taarifa zako zifutwe, lakini nakala ambayo mtu amekwisha kuichukua kihalali huwezi kuifuata.

Jambo linalonikera zaidi halizungumzwi sana, nalo ni kipimo chenyewe. Kwa kanuni ya Last.fm, wimbo huhesabiwa ukiwa na urefu wa zaidi ya sekunde 30, na uwe umechezwa nusu yake au dakika nne, lolote litakalotangulia. Kwa wimbo wa dakika tatu kanuni hiyo ni ya haki. Kwa rumba ya dakika kumi, dakika nne zinaweza kukatika kabla sebene haijawaka, nawe umeshahesabiwa kuwa umeusikia. Rumba hiyo ukiisikiliza hadi mwisho inapata alama moja, sawa na wimbo wa dakika mbili na nusu. Miksi ya DJ ya saa mbili, iliyojaa wasanii thelathini, nayo huandikwa kama wimbo mmoja. Kinyume chake, benga ya zamani iliyogawanywa pande mbili za santuri inapata alama mbili. Hivyo orodha ya mwisho wa mwaka huwabeba wenye nyimbo fupi, na mzee wangu ataona picha isiyofanana na jioni zake.

Kisha kuna majina. Kwenye diski ya mzee, Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz, yupo kama D.O. Misiani, Owino Misiani na Daniel Owino Misiani. Daftari litaona watu watatu.

Suala la stima na bando ni jepesi kuliko linavyodhaniwa. Kinachotumwa ni maandishi machache tu. Muhimu ni programu iweze kuhifadhi foleni intaneti ikikatika. Strawberry hufanya hivyo, ila usikae muda mrefu bila mtandao: Last.fm haipokei nyimbo zilizopita takriban wiki mbili.

Mimi naegemea Strawberry ikiandikia ListenBrainz, nakala ikichukuliwa kila baada ya miezi michache. Angekuwa mtu wa kuthamini wenzake wa kusikiliza kuliko umiliki, ningemwachia Last.fm bila ubishi. Angekuwa hataki jicho la mtu, foobar2000 ina kijalizo kinachohesabu ndani ya kompyuta tu. Hapo angehitaji diski ya pili, nami najua kwa nini.

Mzee amekubali, kwa sharti kwamba hakuna kitakachotumwa kabla majina hayajanyooshwa. Tumeanza na Picard, programu ya kusafisha majina ya wasanii na nyimbo yaliyoandikwa ndani ya faili za muziki, kwenye folda ya Misiani. Jumamosi tulimaliza nyimbo arobaini, nyingine zikiwa zimeandikwa "Track 01" tu, na ilibidi azisikilize moja moja ndipo azitaje.