Mwacheni Mtoto Atengeneze Gari Bovu

Mwaka juzi mwanangu aliambiwa shuleni apeleke nyumba ya boksi. Alipewa siku tatu na, kama kawaida ya watoto, akanikumbusha siku ya tatu, saa mbili usiku, macho yamemlegea kwa usingizi. Nikamwambia nenda kalale, baba atamalizia. Nikakaa sebuleni na boksi la jiko la gesi, mkasi na gundi hadi saa sita na ushee. Nikaweka baraza. Nikaweka madirisha ya kufungua na kufunga. Nikagundua kwamba boksi ukilibandua tabaka la juu unakutana na migongo-migongo ya ndani, bati tupu! Nikaezeka. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahi vile.

Kesho yake jioni akarudi anarukaruka. "Baba, mwalimu kasema yako ndiyo nzuri kuliko zote."

Yako. Wala hakukosea.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao mama watoto anauita ukali usio na maana: kazi ya mikono ya mtoto mzazi asiiguse, ila penye wembe, moto au msumari. Ikitoka imepinda, iende imepinda. Najua ugumu wake. Kwenye ile meza ya darasani kulikuwa na maghorofa yaliyotengenezwa na vijana wa stesheneri kwa pesa ya wazazi, na mwalimu naye ni binadamu, jicho lake linakimbilia kilichonyooka. Hata wenzetu wa Kenya, tangu mtaala wa umilisi (CBC), ule wa kujifunza kwa vitendo, uingie madarasani nchi nzima mwaka 2019, kilio cha wazazi ni hichohicho: mtoto kalala, mama yuko macho anakata manila. Sasa hapo aliyesoma ni nani?

Kosa la pili tumeletewa na simu. Unafungua video ya "vitu rahisi vya kutengeneza na mtoto nyumbani", unakuta mama wa Ulaya ana bunduki ya gundi ya umeme, rangi za kopo za kila aina, na rundo la yale mabomba ya karatasi yanayobaki kwenye taulo za jikoni. Kwangu taulo ya jikoni ni kitambaa. Anakwambia chukua trei ya mayai. Trei ya huku kwetu inarudi kwa Mangi mwenye duka ikachukue mayai mengine. Mzazi anafunga simu akijua kwamba kazi za mikono ni za wenye nacho, kumbe chini ya meza yake kuna boksi la sabuni, uvunguni kuna ndala iliyokatika, uani kuna fagio la chelewa linalopukutika, na kwenye ndoo ya taka kuna gunzi tatu za mahindi ya kuchoma. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora pale Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vibao vya dari na rangi ya kupakia baiskeli. Hakungoja duka la vifaa vya sanaa.

Turudi kwa mwanangu, maana tangu nyumba ile ameshatengeneza mambo mengi ya hovyo, na mimi nayapenda yote. La kwanza lilikuwa gari. Mwili ulikuwa chupa ya maji ya nusu lita. Magurudumu ni ndala iliyochoka: unaweka kizibo cha soda juu yake, unazungusha kalamu, unapata duara. Kukata nilikata mimi, kwa sababu wembe ni wangu. Vijiti vilikuwa vya mishikaki. Mengine yote akafanya mwenyewe.

Akavibandika vijiti chini ya chupa kwa gundi, vikakauka kama vimechomelewa. Akachomeka magurudumu, yakabana sawasawa. Akafunga uzi mbele, akavuta. Gari likaburuzwa kama mbuzi anayejua anakopelekwa. Akaligeuza, akayapuliza magurudumu. Akaenda jikoni, akarudi na kijiko cha mafuta ya kupikia, akayamwagia. Likaburuzika likiwa na mafuta, na sakafu nayo ikawa na mafuta.

Mimi nipo kwenye kiti, ulimi nimeuuma. Hamjui ninavyoteseka.

Siku ya pili akapanua matundu ya magurudumu ili yazunguke kwenye kijiti. Yakazunguka kweli, lakini yakiyumba kama mlevi, na baada ya hatua nne moja likachomoka likaingia chini ya kabati. Akakasirika, akalitupa gari lake uani. Nikadhani ndiyo mwisho. Siku ya tatu nilimkuta amekaa na kalamu ya wino iliyokwisha, ameitoa utumbo, anachungulia ndani ya bomba lake. Akapitisha kijiti mle. Akakizungusha. Akanitazama bila kusema kitu.

Tulikata vipande viwili vya bomba kwa kisu nilichokipasha moto. Akavifunga chini ya chupa kwa gundi ya karatasi, akapitisha vijiti, akachomeka magurudumu mapya yenye matundu ya kubana. Gurudumu limeshika kijiti, kijiti kiko huru ndani ya bomba. Gari likatoka korido, likapita mlango wa jirani, likagonga jiko la mkaa. Ekseli ya treni hufanya kazi hivyohivyo, na mtoto wa miaka tisa ameifikia kwa miguu yake. Ningemwonyesha siku ya kwanza, angekuwa na gari zuri na kichwa kitupu.

Tulipofika kwenye tiara, yaani kishada, niliingilia kidogo, nakiri, kwa sababu tiara naijua. Nimekulia Tanga, na kusi ikishika hakuna mtoto aliyekuwa anatembea hana uzi mkononi. Chelewa mbili: moja inasimama kama uti wa mgongo, nyingine inapindwa upinde. Karatasi ya gazeti, ile nyepesi, wala si ya jarida linalong'aa. Gundi ni ya kupika: vijiko viwili vya unga wa ngano kwenye kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, ndipo ubandike kwenye moto mdogo huku unaendelea kukoroga, hadi iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Ukitia unga kwenye maji yanayochemka utapata ugali, na hilo watu wa kwetu hatuhitaji kufundishwa.

Tiara ya kwanza haikuruka kabisa, kwa sababu usiku mende walikula kingo zake. Gundi ya unga kwao ni chakula. Mwenye tiara aining'inize juu, hewani, au asilale usingizi. Ya pili iliruka, ikaanza kuzunguka kama pia, ikajibamiza chini. Hapo mwanangu akasema inahitaji kuwa nyepesi zaidi, akapunguza mkia. Ikazidi kuchanganyikiwa. Nilimwachia jaribio moja zaidi, kisha nikasema neno moja tu, "mkia". Akachana utepe mrefu wa kanga kuukuu ya bibi yake, akaufunga, tiara ikatulia angani kama imepigiliwa. Uwanja tulioutumia hauna nyaya za umeme juu, na hilo halikuwa la majadiliano.

Vingine navitaja kwa haraka. Kititia cha ukuti hakihitaji hata gundi, mtoto anasuka, anachomeka kijiti, anakimbia nacho. Gunzi inakuwa mwanasesere: bibi yake alimfundisha kuivalisha kitambaa na kuifunga nywele za katani, na kwa taarifa ya wale wajomba walionuna, mtoto wa kiume akishona kigauni cha mwanasesere anajifunza kushona, basi. Bizari iliyokorogwa na maji inatoa njano, rozela iliyochemshwa inatoa nyekundu, mkaa unajulikana.

Mpira wa chandimu, ule wa kujitengenezea wa mtaani, ndio uliobadilika. Enzi zetu ulikuwa mifuko ya plastiki, rambo juu ya rambo, katikati soksi, nje kamba ya katani. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, watu wa mazingira walishangilia, nami nilikuwa mmoja wao, lakini mtaani kwetu mafundi wa mipira walipata shida kweli. Walijaribu matambara matupu, mpira ukawa mzito ukinyeshewa. Sasa naona wanajaza magazeti yaliyokunjwa ndani ya soksi tatu zinazovishana, wanazungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Unadunda vizuri kuliko wa kwetu, na inaniuma kusema hivyo. Huko kwenye migomba, Bukoba na Rungwe, majani makavu hayajawahi kupigwa marufuku na mtu.

Sisemi kila kilichomo jalalani ni cha kuchezea. Kopo la dawa ya mbu halioshwi likawa safi. Kopo la nyanya mdomo wake ni wembe, ukunjwe na mtu mzima kwanza. Na betri! Sisi tulizipasua kwa mawe tukachanganya ule weusi na mkaa tukapaka ubao wa darasa, mikono mitupu, tena kwa sifa. Hilo la utoto wetu libaki hukohuko.

Malalamiko ninayoyapata nyumbani ni ya uchafu. Mama watoto anasema sebule yake imekuwa gereji. Ana haki, na suluhisho letu ni salfeti moja nyuma ya mlango: kila kinachookotwa kinaingia humo, na salfeti ikijaa hakiingii kingine mpaka kitoke kitu. Naona hata hiyo imemfundisha mtoto kuchagua. Zamani alikuwa anaokota kila chupa; siku hizi anaikamua, anaitazama chini kama iko bapa, anaitupa.

Juzi alfajiri nikawa natafuta ndala zangu niende msikitini. Moja ilikuwa mlangoni. Ya pili niliikuta mezani, imegeuzwa chali, soli imechorwa kwa kalamu maduara manne yaliyopangwa vizuri, kila moja sawasawa na kizibo cha soda, na pembeni yake wembe umewekwa bado uko kwenye karatasi yake, unanisubiri. Ndala zenyewe hazina hata wiki mbili tangu ninunue.