Dumu liko mbele

Jumamosi iliyopita nilirudi nyumbani na hasira hadi mgebuka nikaula bila kuusikia ladha. Naandika sasa hivi kwa makusudi, maana hasira ikishuka nitaanza kuwatetea wenzangu, na hawastahili.

Sisi wapiga kafi wa Jumamosi hapa Kigoma tunajuana. Tunakutana ufukwe wa Kibirizi alfajiri, Ziwa Tanganyika likiwa bado limelala. Miezi hii ya kiangazi ukichelewa tu, upepo wa kusi umeshakuwahi. Wengine wana kayaki za plastiki walizouziwa na wageni waliokuwa wanafunga mizigo, wengine mitumbwi ya mbao waliyoachiwa na baba zao. Hatuna katiba, hatuna mwenyekiti, hatuna ada. Tuna midomo.

Kuna binti ana wiki tatu tu tangu ajiunge, anauza duka la dawa mjini. Kayaki yake ya manjano ina ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha, na hakuna aliyemfundisha hata namna ya kushika kafi. Kajifunza kwa kututazama sisi, Mungu amsaidie. Asubuhi ile alikuwa anavuka kwenda Bangwe na dumu la mawese la lita 10, mama yake kamtuma kwa shangazi. Hakufika. Alirudi ameloa hadi nywele, jaketi linachuruzika maji, akasimama mbele yetu na kuuliza kwa adabu zote:

"Jamani kaka zangu, na wewe dada, mbona upepo ukinipiga ubavuni chombo kinageuka chenyewe kinauelekea upepo? Nimepiga upande mmoja hadi bega limekufa ganzi."

Loo! Ungedhani kamwaga mchele mbele ya kuku.

"Huna usukani, ndiyo maana." "Usukani ni wa wavivu, ajifunze kwanza." "Kafi lako fupi hilo, sentimita 210 hizo, tafuta la 230." Mmoja akanyanyua kafi lake lenye mabapa mawili kumwonyesha yalivyopishana kwa nyuzi 60, ili bapa la juu likate upepo wa mbele. Mwenzake akamrukia: nyuzi 60 zimepitwa, siku hizi watu wanatumia 30, na tena upepo wa ubavuni unaweza kulinyanyua bapa hilohilo likakupindua. Binti akasahaulika hapo. Kisha mpwani wetu, ambaye reli ilimleta huku mwisho wa reli na haikumrudisha, akaona ndiyo nafasi ya kutukumbusha kwamba kinachofungwa kwenye kishwara, kile kitanzi cha kamba ubavuni mwa chombo, ndicho kasia, kinachoshikwa mkononi bila kufungwa ni kafi, na sisi Kigoma nzima tunakosea.

Dakika arobaini. Nilitazama saa.

Muda wote huo yule kijana anayetulindia vyombo, hajafika hata miaka kumi na tatu, alikuwa na neno moja tu: "Dumu liko mbele." Mara ya kwanza hakuna aliyegeuza shingo. Mara ya pili akatumwa maji ya kunywa. Aliyemtuma ni mimi.

Alijuaje? Ndiye aliyeisukuma ile kayaki majini. Aliisikia kwa mikono ilivyokuwa nzito puani na nyepesi mkiani. Na alikuwa sahihi kabisa. Chombo kikiwa kwenye mwendo, maji yanakibana zaidi kule mbele. Nyuma kunabaki huru, kwa hiyo upepo wa ubavuni unausukuma mkia na pua inageukia upepo unakotoka. Sasa wewe ongeza kilo tisa za mawese kwenye pua. Pua inazidi kuzama, mkia unanyanyuka, umeupa upepo mahali pa kushika. Sogeza dumu nyuma ya kiti. Hakuna gharama hata ya shilingi moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wale wote hawakuwa waongo. Usukani unasaidia kweli kwenye upepo wa ubavuni. Anayeukataa naye ana kisa chake: waya ulimkatikia katikati ya maji, akagundua kwamba hajui kuongoza chombo bila huo usukani. Mabapa yaliyopishana yanakata upepo wa mbele kweli. Lakini hakuna hata mmoja, nasema hata mmoja, aliyemuuliza binti kitu. Umebeba nini? Umekiweka wapi? Unakaaje? Swali lina mwenyewe, jamani! Mwenyewe alikuwa amesimama pale anatetemeka, na kila mmoja wetu alikuwa anajibu swali lake binafsi, lile analotembea nalo tangu alipotoa laki kadhaa kununua kafi na mkewe akamnunia wiki nzima.

Najua mtaniambia na wewe je. Sawa. Mwaka juzi nilimhutubia mvuvi mmoja wa Ujiji kwamba nguvu ya kafi inatoka kiunoni, si mikononi. Akasema, "Asante, mwalimu." Akanipita kwenda, akanipita kurudi.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani hapa kwetu. Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walifika Ujiji mwaka 1858, wakapigiwa kafi hadi Uvira, kaskazini mwa ziwa, na huko wenyeji wakawaambia waziwazi kwamba mto Rusizi unaingia ziwani. Wakarudi Uingereza, wakagombana miaka na miaka juu ya chanzo cha Nile, na Burton akafika mahali pa kushikilia kwamba Rusizi huenda unatoka ziwani kwenda kuulisha Nile. Speke akafa mwaka 1864, siku moja kabla ya mdahalo wao. Ubishi wa Rusizi ukaja kukatwa mwaka 1871, Stanley na Livingstone walipopanda mtumbwi Ujiji wakaenda kutazama kwa macho. Unaingia. Miaka kumi na tatu, kwa jambo ambalo watu walikwisha kulisema! Nao yumkini waliambiwa waende wakalete maji ya kunywa.

Sisemi tuache kuzungumza ufundi. Mimi mwenyewe naweza kukesha na habari za mabapa, na bila wale wabishi nisingejua nusu ya ninayoyajua, ingawa inanichoma kuliandika hili. Bishaneni, lakini mpeni mtu jibu lake kwanza aende zake akabadili nguo.

Na msinielewe vibaya kuhusu upole. Jaketi la kujiokolea halina mjadala wala "kila mtu na mtazamo wake". Ziwa lina kina cha hadi mita 1,470. Anayeingia bila jaketi nitampigia kelele mbele ya watoto wake.

Leo asubuhi binti amekuja. Nilidhani tumempoteza. Katusalimia kwa mbali, "Shikamooni," kisha akapita moja kwa moja hadi kwa kijana. Kijana akalipokea dumu, akalilaza nyuma ya kiti, akalifunga kwa kamba ya katani mizunguko miwili, akalitikisa kuona kama linacheza. Upepo ulikuwa umeshaanza. Tukasimama wote kimya tukimtazama anavyoipita ile sehemu iliyomrudisha wiki iliyopita. Pua ilitaka kugeuka mara moja, akairudisha kwa mapigo mawili, akaendelea hadi ile kayaki ya manjano ikawa kama ganda la ndizi kule Bangwe.

Bwana wa nyuzi 60 akakohoa.

"Angekuwa na usukani," akasema, "angekwenda vizuri zaidi."