Brashi Mseto za Polima: Mizizi Isiyohama Inasaidia au Inakwamisha?

Polistirini na polimethili methakrilati, plastiki mbili zilizoundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli (polima), hazipatani. Zichanganye, zitatafuta kutengana kama mafuta na maji. Sasa pandikiza ncha moja ya kila mnyororo kwenye kipande bapa cha silikoni, aina zote mbili pamoja, zikisongamana hadi zilazimike kusimama kama nywele za brashi: hiyo ndiyo brashi mseto, na ncha iliyopandwa ndiyo mzizi. Chuki ipo palepale, ila njia ya kukimbia haipo. Mnyororo unaweza kuinamia wenzake tu, ndiyo maana mabaka yanayojitokeza huishia upana wa makumi ya nanomita.

Mwaka 1991 wanafizikia Marko na Witten walionyesha kwa hesabu kwamba brashi ya namna hii ingejigawa kwanza ubavu kwa ubavu, kwa mawimbi, kabla ya kujipanga tabaka juu ya tabaka. Wenye matumaini waliona michoro midogo inayojichora yenyewe, tena isiyobanduka ikioshwa.

Wamepata nusu. Mabaka yapo, mpangilio wake haufiki mbali. Kosa liko kwenye upandaji: mizizi hutua kibahati, huku polistirini imezidi, kule imepungua, na kila baka hung'ang'ania palipo na wenzake wengi. Badilisha kiyeyushi, kisha rudisha cha awali, na baadhi ya mabaka hurejea mahali pale pale, kana kwamba uso una kumbukumbu. Kopolima za vitalu, yaani minyororo ya aina mbili iliyoungwa ncha kwa ncha, ambazo hazina mizizi, zikipashwa moto husogea na kurekebisha makosa yao. Kwa mistari iliyonyooka, ya kuchorea chipu za kompyuta, sioni haja ya kuendelea kuzitetea brashi mseto. Kuna waliofunga aina mbili kwenye mzizi mmoja, umbo la herufi Y, ili uwiano usiyumbe; ni ujanja mzuri, lakini nafasi kati ya mzizi na mzizi bado ni ya kubahatisha.

Upande wa pili, wa kwamba mizizi husaidia, una nguvu zaidi kuliko wakosoaji wanavyokubali. Mwaka 1999 kundi la Dresden, Ujerumani, wakiwemo watafiti Minko na Stamm, lilipanda polistirini pamoja na polima nyingine, polivinilpiridini. Toluini, kiyeyushi kinachopatana na polistirini, iliinua polistirini, uso ukakataa maji. Maji yenye asidi yakainua mwenzake, uso ukayapokea. Mchezo huo hurudiwa, kwa kuwa hakuna mnyororo unaosombwa. Na vurugu ya mabaka haidhuru kitu hapo: tone la maji ni kubwa mno, huhisi wastani wa mabaka mamilioni kwa mpigo.