Betri Yote Hiyo Haina Shimo?

Jana saa mbili usiku stima ikapotea, mtaa mzima ukapiga ile "aaaah!" nanyi mwaijua. Mie nikatulia kama sharifu. Nina betri. Redio yangu si ya kusikiliza taarabu, ni ile ya kusema, nina leseni na herufi zangu za kuitwa hewani zaanza na 5Z4, ndiyo ya Kenya, na wakati huo nilikuwa kwenye masafa ya redio yaitwayo mita 20 naongea na Mtaliano, si hawa wa Malindi, wa Italia kwenyewe.

Hodi.

Bi wa nyumba ya pili, pasi mkononi, dera begani. Masalkheri Bi. "Masalkheri mwanangu, kesho nina harusi Kisauni, nipe stima kidogo." Nikamwambia Bi, hapa hamna stima, kuna betri. "Si taa yako yawaka?" Yawaka, lakini ni ya volti 12, na sina inverta, kile kidude cha kugeuza moto wa betri uwe kama stima ya ukutani, kwa sababu niliyokuwa nayo ilinguruma redioni kama mzinga wa nyuki. Akaizunguka betri, akainama, akaitazama mbavuni. "Betri yote hii haina hata shimo la kuchomeka?"

Nikavaa ualimu. Nikamwonyesha kibandiko cha pasi, wati 1,200, gawa kwa 12, hizo ni ampea 100 Bi, redio yangu nikisikiliza yala moja hivi, nikisema kwa nguvu zote haifiki hata 25, na hii betri ni ya ampea-saa 100, yaani ampea 100 kwa muda wa saa moja, lakini ukiikamua kupita nusu waiua kabla ya siku zake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Waongea na Italia, washindwa na pasi?"

Hapo mke wangu akacheka. Nimemsikia.

Bi akamwita mjukuu, fundi wa tuktuk. Kaja na plaisi tayari, hata salamu hakutoa, akaenda moja kwa moja kwenye fiuzi yangu ya ampea 30 iliyo pale pale karibu na kichwa cha chanya. "Mzee hii ndiyo yazuia moto. Tuitoe tufunge kipande cha waya." Wallahi nilimshika mkono! Fiuzi ikiungua nanunua nyengine, waya ukiungua unaondoka na pazia, godoro na mie mwenyewe, betri ikipigwa shoti haina huruma, yamwaga moto wote kwa mara moja! Akaniangalia kama mzee aliyeanza kuchoka akili.

Haya, Bi kasema basi, atatumia pasi ya makaa. Alhamdulillahi. Akaenda, akarudi na seredani, akaitua wapi? Barazani kwangu, chini ya dirisha, pale pale nilipoiweka betri ili ipate hewa. "Kwako kuna upepo mzuri." Na stima nayo, haina adabu, ikarudi dakika hiyo hiyo, chaja ikaanza kuvuma.

Bi! Betri ya maji ikichajiwa yatoa haidrojeni, hewa ya kulipuka! Cheche moja tu!

Akavuta pumzi. "Mbona siinusi?"

Haina harufu Bi!

"Basi haiko."

Nikakimbia kuzima chaja, na kikoi changu almanusura kibaki mlangoni. Makaa yale yakaenda kwake, stima imesharudi, pasi ya stima anayo, na bado kapiga kwa makaa, ati ishawaka. Mtaliano nikamwita mara nane. Kimya.

Zile betri za lithiamu fosfeti hazitoi hewa hiyo zikichajiwa, najua, niliuliza bei nikaomba maji ya kunywa. Kwa hivyo nabaki na hii, kila mwezi nayafuta yale maunga ya kijani kichwani mwake, chumvi ya bahari haikuwachii kitu, kisha nakipaka vaselini, na mke wangu aniuliza kila siku vaselini yake yaenda wapi.

Asubuhi Bi kaniletea mahamri manne. Na simu ya kuchajiwa. Na bomba siku ya tano hii lakohoa upepo tu, mwenye mkokoteni wa maji kapandisha bei ya mtungi, nikamuuliza kwani wewe wasukuma kwa mikono, bei yapandishwa na nini, ati stima.