Ripoti ya patholojia isiyogusa hatari ya saratani kufika kwenye tezi za limfu haijakamilika

Wiki iliyopita jamaa yangu alinionyesha ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa maabara, ya polipu (kinyama kilichoota ndani ya utumbo mpana) aliyotolewa wakati wa kolonoskopi, uchunguzi wa utumbo huo kwa kamera: saratani imeonekana, uvimbe ni mdogo, umeondolewa wote. Basi. Aliniuliza kama amepona, nami nikashikwa na hasira, kwa kuwa karatasi ile haikumpa yeye wala daktari wake msingi wowote wa kulijibu swali hilo.

Udogo wa uvimbe haumhakikishii mtu usalama. Jambo la kwanza kuulizwa, tunapotaka kujua kama saratani ya utumbo mpana imefika kwenye tezi za limfu, ni kina ilichopenya. Saratani ambayo haijavuka utando wa ndani kwa kawaida haifiki kwenye tezi, kwa sababu mishipa ya limfu katika utando huo ni haba mno. Lakini ikishaingia katika tabaka lililo chini yake, yaani hatua ya T1, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi hukutwa na seli za saratani katika tezi, na idadi hiyo huongezeka kadiri uvimbe unavyoingia katika misuli na kuivuka.

Hapo ndipo uzito wa suala ulipo. Tukiwapasua wote kumi na kuwakata sehemu ya utumbo, tisa watabeba kidonda, hatari ya kuvuja pale utumbo ulipounganishwa na, kama uvimbe ulikuwa chini kabisa kwenye rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana), pengine tundu la kudumu la kutolea haja tumboni, ilhali tezi zao zilikuwa safi tangu mwanzo. Tukiwaacha wote, mmoja atabaki na saratani mwilini. Kinachosaidia zaidi kuwatofautisha ni hadubini. Je, seli zimeingia ndani ya mishipa ya limfu au ya damu? Je, zimepoteza kabisa mpangilio wa seli za utumbo? Je, kwenye ukingo ambao uvimbe unasonga mbele, kuna vichipukizi, yaani seli zilizojitenga mojamoja au katika vikundi visivyozidi seli nne? Tangu 2016 kuna makubaliano ya kimataifa ya namna ya kuvihesabu vichipukizi hivyo katika eneo la milimita za mraba 0.785: 0 hadi 4 ni daraja la chini, 5 hadi 9 la kati, 10 na zaidi la juu. Mtaalamu wa patholojia asipoyaandika haya, daktari hujikuta akiamua bila ushahidi, na mgonjwa ndiye anayelipa kwa mwili wake.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba si kila lawama ni ya maabara. Polipu iliyotolewa vipandevipande haipimiki kina wala kingo zake kwa uhakika, na kosa hilo huanzia chumba cha kolonoskopi. Nakubali pia kwamba kina kinachozidi milimita 1, ambacho kwa miaka mingi kilitosha kumpeleka mtu kwenye upasuaji, kina hatari ndogo kikisimama peke yake bila dalili nyingine mbaya. Lakini hiyo ni sababu ya kuziandika dalili zote. Sampuli huhifadhiwa katika nta, zinaweza kukatwa na kusomwa upya, na mgonjwa ana haki ya kuliomba hilo bila kuonekana msumbufu.

Picha ya CT skani haitatuokoa katika kuzitambua tezi zenye saratani. Hutegemea sana ukubwa wa tezi, ilhali tezi ndogo inaweza kuwa na saratani na iliyovimba ikawa na uvimbeuchungu tu, usio saratani.

Hata baada ya upasuaji mkubwa uzembe huu hujirudia. Cuthbert Dukes, mtaalamu wa patholojia wa Uingereza, alipopanga saratani za rektamu katika madaraja mwaka 1932, aliziweka zilizofika kwenye tezi katika daraja la C, na hadi leo tezi moja tu yenye saratani humpeleka mgonjwa hatua ya tatu, ambako tibakemia hupendekezwa kwa kawaida. Ndiyo maana inatakiwa zichunguzwe tezi zisizopungua 12. Zikipatikana nne na kuandikwa kwamba zote ni safi, hatujathibitisha kwamba saratani haikusambaa. Isipokuwa kwa mgonjwa wa rektamu aliyepata mionzi kabla ya upasuaji, ambaye tezi zake huweza kusinyaa, mtaalamu anapaswa kuyarudia mafuta yaliyokatwa pamoja na utumbo, ambamo tezi hukaa, na kuzitafuta tena kabla ya kutia saini.